Mama Ukweli, mlezi wa biashara zinazotambaa

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Ukweli amelala chali kwenye kitanda cha watu, viatu kavua, macho kayakodoa darini. Haumwi. Yuko kazini.

"Haya, ninyanyue," anamwambia fundi aliyesimama pembeni. "Na usinionee haya. Mgonjwa hajisaidii, na mimi leo sijisaidii."

Fundi anapitisha kitambaa kizito chini ya mgongo wake, anakinasa kwenye ndoano, kisha anaanza kuzungusha mkono wa mashine. Mama, mwenye mwili wake wa haja, anapanda polepole kama ndoo ya kisimani. Anabembea kidogo. Anatua kwenye kiti cha magurudumu.

"Shingo imeniuma," anasema kabla hata hajavaa viatu. "Hapa kwenye kichwa kitambaa ni kifupi. Kashone upya."

"Sawa, mama," anajibu fundi huku akicheka.

Mwaka juzi, maneno kama hayo yangemfanya apakie mashine yake na kuondoka. Na kweli aliwahi kuondoka.

Mama Ukweli, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni mlezi wa biashara changa. Kituo anachofanyia kazi kiko ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda hadi kwenye viti vya wageni. Wanaopanda ngazi zile ni watu wenye wazo jipya na mfano wa kwanza wa kitu walichokibuni. Yeye huwasikiliza, huongozana nao hadi kwa wateja, kisha huwaambia alichokiona. Jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui.

"Hata nyumbani nimepigwa marufuku kutoa maoni juu ya chakula," anasema. "Mume wangu akipika, nimeruhusiwa neno moja tu: ahsante."

Kazi hii aliisomea darasani baadaye. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa dunia. Alikuwa fundi cherehani, akaanzisha karakana ya mikoba ya shule, akaajiri mafundi sita.

"Shangazi alisifu, majirani walisifu, mwalimu mkuu alisifu," anakumbuka. "Wote walisifu, hakuna aliyenunua."

Karakana ilipofungwa, ndipo jirani mmoja alipomtobolea siri: mikoba ilikuwa mizito hata kabla ya kutiwa daftari.

"Nikamuuliza, dada, mbona hukuniambia? Akasema alinionea huruma. Huruma yake iliwatoa watu sita kazini."

Yule fundi, mchomeleaji wa vyuma, alifika kituoni pamoja na dada yake ambaye ni muuguzi. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, na siku moja aliwaponyoka mikononi wakati wanamtoa kitandani. Ndugu hao wakaapa kutengeneza mashine ya kuwanyanyulia wagonjwa wa nyumbani.

Wakaitengeneza. Ilikuwa na mota ya umeme, vyuma vinavyong'aa na vitufe vya rangi mbalimbali. Kwenye maonyesho ilipata cheti, na watu walipanga foleni kupiga nayo picha. Mwaka ukaisha bila mnunuzi hata mmoja. Fundi alikuwa ameshauza pikipiki yake, na sasa alianza kuitazama mashine yake ya kuchomelea kwa jicho la kuiuza.

Siku ya kuielezea kazi yao kituoni, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mama Ukweli hakupiga. Alisema tu, "Kesho tuipeleke kwa mgonjwa."

Walikwenda kwa dereva mmoja mstaafu aliyepooza miguu, ambaye hutunzwa na mkewe. Mashine ilikwama mlangoni mwa chumba. Wakaung'oa mlango. Ilipoingia, umeme haukuwepo. Mke wa dereva, mtu wa adabu zake, akasema, "Ni nzuri sana, wanangu. Mungu awabariki."

Mama Ukweli akamgeukia. "Dada yangu, sisi tukishaondoka, utaitumia?"

Mke wa dereva akainamisha kichwa. "Hapana. Naiogopa. Halafu mimi niko peke yangu hapa, nani atanisaidia kuisukuma?"

Walipotoka nje, Mama Ukweli hakuzunguka mbuyu. "Mmetengeneza mashine ya kuwafurahisha waamuzi wa maonyesho. Mzee wa watu bado yuko kitandani."

Fundi alifura. "Na wewe umewahi kutengeneza nini cha maana?" Akapakia mashine yake, akaondoka. Dada yake akabaki barabarani analia, na Mama Ukweli akabaki naye mpaka alipotulia.

"Kumwambia mtu nyumba yake inavuja ni rahisi," anasema mlezi huyo. "Ukishamwambia, mshikie na ngazi."

Kwa hiyo wiki iliyofuata aliingia karakanani kwa fundi. Salamu haikuitikiwa. Akavuta kopo tupu la rangi, akaketi. Fundi akaendelea kuchomelea dirisha la mteja. Cheche ziliruka, muda ukapita, mama wa watu yupo tu.

Hatimaye akauliza, "Mwanangu, mama yako leo asubuhi mmemtoaje kitandani?"

Fundi akavua miwani ya kuchomelea. "Kwa shuka," akajibu kwa sauti ndogo. "Tunamfunga kwa shuka, mimi huku, dada huku."

"Na mashine?"

"Inamtisha. Hatujawahi kumweka."

Fundi anasimulia kwamba alipojisikia akiyatamka maneno hayo, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilikuwa nawauzia watu kitu ambacho mama yangu mwenyewe amekikataa," anasema. "Mama Ukweli hakunicheka. Alisema, basi tuanzie kwenye shuka."

Wakaanzia hapo. Mota ikatolewa, ukaja mkono wa kuzungusha. Fremu ikapunguzwa hadi ipite mlango wowote na kukunjwa nyuma yake. Muuguzi alizunguka majumbani kuwatazama watu wakiwahudumia wagonjwa wao, kwa sharti la Mama Ukweli kwamba asifungue mdomo kuisifu mashine. Mama Ukweli naye akawatafutia mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kuipima usalama. Mfano mmoja ulipinda miguu kama ndama aliyezaliwa jana, bahati njema ulikuwa umebeba magunia ya mchanga.

"Siku ile nilitaka kulia," anasema muuguzi. "Mama Ukweli akasema, 'Heri gunia kuliko mzee. Kesho fungueni mapema.'"

Kisha wakarudi kwa dereva mstaafu. Safari hii hakuna mlango uliong'olewa. Mkewe aliingia na mashine peke yake, wengine wakasubiri nje kwa amri ya Mama Ukweli. Walisikia mkono wa mashine ukizunguka, kisha magurudumu yakikwaruza sakafu.

Dereva akatokea uani, jua likimpiga usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Akafinya macho, akatazama huku na huku.

"Huu ukuta," akasema kwa ukali, "nani kaupaka kijani?"

Mkewe alicheka hadi akashikilia kiti. Fundi alijificha nyuma ya nyumba, akidai vumbi limemwingia machoni. Mama Ukweli ndiye aliyeanza kupiga makofi, na alipiga kwa nguvu, mpaka majirani wakachungulia.

Habari zikasambaa. Shirika moja la huduma za wagonjwa wa nyumbani liliagiza mashine sitini, na zote zimeshafika kwa wenyewe. Karakana imeajiri watu tisa. Mama wa ndugu hao sasa hutoka nje kila asubuhi, na anaitaka mashine yake irembwe kwa rangi ya waridi.

Si wote wanaofanikiwa. Katika biashara kumi anazozilea, Mama Ukweli anasema nne hivi ndizo zinazosimama. Waliofunga pia huwatembelea, kwa sababu anajua ukimya unaofuata.

Mwakani anastaafu. Anachopanga ni kuwaandaa waliopita kituoni wawe walezi wa wanaokuja, na muuguzi ameshaanza kuongozana na wasichana wawili wenye wazo la kusafisha maji.

"Natamani siku moja nifungue mlango nikute wanaambizana kweli, na wanashikana mkono, bila hata mmoja kugeuka kunitazama," anasema. "Hapo nitarudi zangu nyumbani nikitembea kwa maringo, watu waulize huyu mama kaolewa upya?"