Betri za Nuriat, Pumzi ya Pélagie

Mvua imekatika sasa hivi, na gereji iliyo chini ya kilima cha Lubaga, jijini Kampala, inanuka udongo na mafuta ya gari. Nuriat Abdu yuko ndani ya tela, ameingiza kichwa na mabega chini ya kitanda. Kinachoonekana mlangoni ni miguu yake tu, na soksi moja iliyotoboka kisigino.

"Leta mwanga huku. Hapana, huku kwangu," anasema.

Mumewe, Hamim, anainamisha tochi. Baada ya muda Nuriat anarudi nyumanyuma, amekumbatia betri kuukuu iliyovimba ubavuni. Anaitua chini taratibu, anajipangusa mikono kwenye ovaroli, kisha anageuka kumtazama mwanamke aliyeketi nje kwenye kiti cha plastiki.

"Umeiona hiyo, Mama Pélagie? Hiyo ndiyo ilitaka kukupeleka Kyaka. Isingefika hata Mityana."

Pélagie anacheka kidogo, kisha anatulia ili arudishe pumzi. Mpira mwembamba umepita chini ya pua yake, ukazunguka masikio na kushuka hadi kwenye mtungi wa oksijeni uliosimama karibu na mguu wake.

Nuriat, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni fundi wa umeme wa magari. Ni Mnubi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala. Baba yake, mzee Abdu, alikuwa dereva wa malori jeshini, na alipostaafu akawa anatengeneza magari ya majirani uani kwake. Nuriat alikuwa mtoto wa kumshikia taa.

"Kaka zangu walikuwa wanachoka, wanakimbilia mpira. Mimi nilikuwa napenda pale taa ya gari inapowaka. Baba akiniambia washa, na ikawaka, nilikuwa nalala nikicheka," anakumbuka.

Kampala alikuja akiwa ameshaolewa na Hamim, ambaye husafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Nakivubo kwa pikapu. Mwanzoni wateja walikuwa wakimuuliza Hamim fundi yuko wapi, hali fundi amesimama mbele yao. Siku hizi wanamwita kwa jina. Wiki ikiwa nzuri, akishalipa kodi ya gereji hubaki na shilingi laki mbili hivi. Wiki mbaya, anasema, wanakula maharagwe na kushukuru.

Hii tela, hata hivyo, si kazi ya kila siku. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, zile ambazo watalii huvuta nyuma ya gari na kulala humo wakiwa safarini. Ina kitanda, meza ya kukunja, kabati na mapazia ya maua. Ni mali ya Emile, mume wa Pélagie, ambaye ni mlinzi wa lango katika nyumba moja ya Nakasero. Wapangaji wa nyumba hiyo walipohama nchi walimwachia tela hiyo kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuinunua.

"Nilidhani nitafugia kuku," anasema Emile, na mkewe anamtazama kwa jicho la kumsuta.

Emile na Pélagie walitoka Kongo mashariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Walikimbia usiku mmoja na watu wengi, na katika vurugu ile Pélagie akapotezana na mama yake mzazi, Bibi Sifa. Kwa miaka hiyo yote hakujua kama mama yu hai. Alishona nguo, alisali, aliuliza kila mgeni aliyewasili kutoka kwao. Kisha kifua kikuu kikampata. Alitibiwa akapona, lakini mapafu yalibaki na makovu. Akitembea hadi mlangoni huchoka, na akilala ni lazima mashine ya oksijeni iwe inafanya kazi kando yake mpaka asubuhi. Umeme ukikatika, Emile hufungua mtungi wa akiba na kukaa macho akiuangalia.

Mwaka huu simu ikalia. Mtu wa kanisani kwao alikuwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka, wilayani Kyegegwa, akakutana na bibi mmoja aliyevuka mpaka majuzi. Bibi huyo haoni tena na hawezi kupanda basi. Jina lake ni Sifa, na anamtafuta binti yake aitwaye Pélagie.

"Nilimwambia ampe simu mama," Pélagie anasimulia. "Akaniuliza, wewe ni Pélagie wa nani? Nikamtajia jina la mbuzi wetu wa zamani. Akalia. Mimi pia."

Mama hawezi kuja, na binti hawezi kwenda. Kutoka Kampala hadi Kyaka ni safari ya siku nzima kwa gari la mwendo wa pole, na bibi amefikia kibanda kisicho na umeme. Mtungi mmoja haumalizi usiku. Ndipo Emile alipoitazama tela iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya chumba chao cha kupanga Lubaga, akapata wazo. Akamwendea Nuriat.

Jambo la kwanza alilofanya Nuriat ni kung'oa jiko la gesi lililokuwa humo. Oksijeni na moto havikai chumba kimoja, alimweleza Emile. Kwa sababu hiyohiyo, siku ambazo Pélagie yuko gerejini, jirani wa gereji, Okidi, mchomeleaji vyuma, haruhusiwi kuwasha mashine yake hata kidogo.

Kisha zikaja betri. Zile za asidi zilizokuwemo, kama ile aliyoitoa siku ya mvua, zilitosha kuwasha taa na redio tu, hazingeweza kuendesha mashine usiku kucha. Nuriat akaweka mbili mpya za lithiamu, nyepesi kuliko zile kuukuu lakini zenye uwezo mkubwa wa kutunza umeme. Akafunga inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na juu ya paa akapanga paneli za sola. Mwisho akavuta waya mnene kutoka kwenye pikapu ya Hamim hadi kwenye tela, ili injini ichaji betri wakati gari linatembea.

"Nilimuuliza, na Pélagie atakaa humo ndani tukienda?" anasema Emile. "Akasema hapana, mtu hakai kwenye tela inayovutwa. Atakaa mbele na mtungi, tela itamsubiri apumzike tukisimama."

Vifaa vilinunuliwa kwa akiba ya Emile na mchango wa waumini wenzao. Kuhusu ufundi, wanawake wawili walielewana wenyewe. Pélagie, ambaye bado hushona akiwa ameketi, alimtengenezea Nuriat ovaroli mbili zinazoteremka hadi chini ya magoti kama gauni, maana zile za dukani hazikumsitiri mbele ya wakwe.

Siku ya kwanza ya kujaribu kuvuta tela, karibu mambo yaharibike.

Hamim alikuwa kwenye usukani na Emile kando yake, tela ikiwa tupu, Nuriat akiwafuata kwa bodaboda. Walipanda kilima vizuri. Wakati wa kushuka, gari likapita kwenye tuta, na kile kikombe cha chuma cha tela, kinachokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari, kikaruka na kuchomoka. Pua ya tela ikaanguka kwenye lami na kutoa cheche. Minyororo miwili ya usalama, aliyokuwa ameifunga Nuriat asubuhi ile, ikaizuia isiteremke peke yake kuelekea kwa watu.

Hakuna aliyeumia. Lakini Nuriat alipoinama kukagua, aliona kikombe kimelika ndani kwa miaka, na breki za tela zimeshikana kwa kutu. Akasema hakuna safari mpaka vyote vibadilishwe.

Jioni ileile simu ikatoka Kyaka. Bibi Sifa alikuwa amekataa chakula.

Emile alikuja gerejini asubuhi iliyofuata, hakuketi.

"Mama Nuriat, tufunge na nyororo nyingine, twende polepole. Yule mzee anaondoka."

"Papa Emile, ninasikia. Lakini mimi siwezi."

"Ni mama yake. Miaka kumi na mmoja."

"Najua. Na huyu wako atakuwa mbele kwenye gari, na mtungi miguuni. Ile kitu ikichomoka kwenye mteremko wa barabara kuu, mimi nitamwambia nini Bibi Sifa?"

Emile akatoka bila kuaga, na Hamim anasema mkewe hakula mchana ule. Alikaa kwenye tairi akikaza na kulegeza boliti moja kwa spana.

Aliyekuja baadaye ni Pélagie mwenyewe, kwa bodaboda, mtungi ukiwa katikati yake na dereva. Nuriat alipomwona akaanza kujieleza, Pélagie akamkatiza.

"Sikuja kugombana. Nimekuja kulala."

"Kulala?"

"Nataka kujua kama kitanda chako ni kizuri. Nikishajua, nitasubiri vizuri."

Basi mashine ya oksijeni ikaletwa kutoka nyumbani kwao, na Nuriat akaiwasha kwa umeme wa betri mpya. Pélagie akapanda ngazi taratibu, akajilaza, na Nuriat akaketi ukingoni akiangalia kipimo. Walizungumza. Pélagie alimsimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimsuka nywele na kumvuta mpaka machozi, na jinsi alivyokuwa akichukia jambo hilo. Nuriat alimsimulia kuhusu mama yake mwenyewe, aliyezikwa Bombo wakati yeye yuko barabarani na gari bovu la mteja, akashindwa kufika.

"Bambi," Pélagie alimpa pole kwa Kiganda, akamshika mkono wenye mafuta.

Hamim aliporudi na mizigo mchana ule alikuta gereji kimya, mashine inanguruma pole, na wanawake wote wawili wamelala, mmoja amejilaza na mwingine ameegemea kabati. Akarudishia mlango na kumfanyia Okidi ishara ya kunyamaza.

Okidi ndiye aliyepata kikombe kipya, kutoka kwenye tela nyingine iliyokufa. Pia alichomelea chuma kipya cha kuvutia tela, kinene kuliko cha kwanza, wakakifunga kwa boliti kwenye fremu ya pikapu badala ya bampa. Nuriat akabadilisha breki na taa za nyuma. Walijaribu tena mteremko uleule, na tuta lilelile, mara nyingi kiasi kwamba wauza matunda wa pale waliuliza kama wamepotea njia. Kikombe hakikucheza.

Daktari wa Pélagie alikubali kwa masharti: njiani wasimame ajilaze, na mitungi ya akiba isikosekane. Waliondoka Jumamosi asubuhi, Hamim akiendesha kwa upole kiasi kwamba bodaboda zote ziliwapita. Mubende walisimama, wakala ndizi za kuchoma, na Pélagie akajilaza kwenye tela mpaka rangi ikamrudia usoni.

Walifika Kyaka jua likiwa bado juu. Bibi Sifa alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya kibanda, amevalishwa kitenge safi. Emile alimshika Pélagie kiwiko, Nuriat akabeba mtungi nyuma yao. Walitembea hatua chache, wakasimama, wakatembea tena.

"Nani huyo anayehema hivyo?" bibi aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Bibi akanyoosha mikono. Alipapasa uso, akakutana na ule mpira, akaufuata kwa vidole hadi sikioni. Kisha akapeleka mkono kichwani.

"Nani amekusuka vibaya namna hii?"

Nuriat anasema hapo ndipo alipogeuka akajifanya anakagua waya.

Mama na binti walilala kwenye kitanda kimoja, ndani ya tela, kwa siku nne. Usiku wa kwanza bibi aliuliza ile sauti ya kunguruma ni ya nini. "Ni pumzi yangu, mama," Pélagie akamjibu, na bibi akasema basi isizimwe. Siku ya tatu mawingu yalitanda na sola haikuleta kitu. Nuriat, aliyekuwa akichungulia kipimo kila mara, akamwambia Hamim awashe injini, na betri zikajaa kupitia ule waya mnene. Bibi Sifa alianza kunywa uji siku ya pili. Mpaka makala haya yanaandikwa, anaendelea vizuri, na Emile anashughulikia kibali cha kumhamishia Kampala.

Sasa tela imerudi gerejini Lubaga, na Nuriat hajaipumzisha. Habari zimewafikia wagonjwa wengine wanaokutana na Pélagie kliniki, watu wanaoishi kwa mashine na ambao hawajatoka nje ya mtaa wao kwa miaka. Mzee mmoja wa Nakasero anataka kumwona kaka yake aliyeko Bombo. Mama mwingine anataka kuhudhuria harusi ya mwanawe huko Masaka.

Emile amekubali tela iwe ya kuazimwa, wenye safari wachangie mafuta na Hamim aendeshe. Nuriat anatafuta betri ya tatu, na anataka kubadilisha mlango, kwa sababu huu wa sasa unamtaka mtu apande kwa miguu yake.

"Wapo wasioweza kupanda," anasema.

Anachukua chaki mfukoni mwa ile ovaroli ndefu. Anampa Hamim ncha moja ya futi ya kupimia, wanapima upana wa machela, na Nuriat anaanza kuchora mlango mpya kwenye ubavu wa tela. Anarudi nyuma, anautazama, kisha anaufuta na kuuchora tena, mpana zaidi.

"Na anayemsindikiza pia apite," anasema, "akiwa amemshika mkono."