Abiria Niliyempakia Bila Kusimama

Sina sababu ya kudanganya. Haya ninayoyaandika hayanipi sifa yoyote, na kila niliyemsimulia amenilaumu, tena kwa haki. Yalinitokea mchana, na sikuwa nimekunywa chochote isipokuwa chai. Kama unasoma ukisubiri niseme mwishoni kwamba nilikuwa naota, acha hapa hapa, usipoteze muda wako. Pikipiki yenyewe ipo nje ya nyumba yangu hapa Kyela, imefunikwa turubai, na ukija nitakuonyesha shokapu zake.

Mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Tabora. Nililetwa na kazi miaka sita iliyopita, nikawekwa masjala, kwenye chumba cha majalada. Unaijua kazi ya masjala? Jalada linaingia, jalada linatoka, wewe unabaki. Nilipofikisha miaka arobaini na tatu nilijitazama nikaona umri wangu wote umeishia kati ya kiti na kabati. Ziwa Nyasa liko pale karibu, watu wanatoka mbali kuja kuliona, na mimi katika miaka yote hiyo nilikuwa nimelifikia mara mbili tu, zote kwa semina.

Basi nikanunua pikipiki. Si ya biashara, ya kwangu, ya kutembea. Mke wangu, Mama Rehema, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema wenzangu wakifika umri huu hununua ng'ombe.

Niamini nikikwambia kwamba ile pikipiki ilinifufua. Kila Jumamosi nilikuwa natoka asubuhi, leo Ikolo, wiki ijayo Katumba Songwe kuutazama mto na Malawi ng'ambo yake, wiki nyingine Matema. Nilijua harufu ya kila kijiji: hapa kokoa inakaushwa, hapa mpunga umeiva, hapa wanakamua mawese. Nilikuwa narudi jioni nimelowa, nina matope mpaka masikioni, nacheka peke yangu. Na nikirudi, binti yangu Rehema, ambaye ana miaka saba, anaisikia injini tangu kona ya msikitini. Anatoka mbio na helmeti yake ndogo kichwani. Kabla sijazima, nampakia nyuma, namzungusha nyumba zetu raundi moja. Siti ya nyuma ilikuwa yake. Hilo naomba ulikumbuke.

Nilipoinunua, mwenzangu wa ofisini, Ambokile, ambaye ni mzaliwa wa hapa, alinipa sharti moja. Hakuniambia habari za matairi wala trafiki. Alisema nikikuta msiba njiani nizime injini, nishuke, nivue helmeti, nisukume mpaka niipite nyumba yenye msiba, ndipo niwashe. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni heshima tu, na heshima hata kwetu ipo. Nilikuwa nalifuata sharti hilo vizuri, mpaka siku ile.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za masika. Selfu ya pikipiki, ile ya kuwashia kwa kitufe, ilikuwa imekufa kwa kuingia maji, na kiki nayo ilikuwa inataka kubembelezwa mara ishirini ndipo injini iwake. Nimeshapita Ipinda, naelekea Matema, manyunyu yananipiga usoni, lami imenyooka mbele yangu haina mtu. Sijawahi kukimbia namna ile. Nilikuwa naimba.

Mbele nikaona watu wengi, nyumba iko karibu kabisa na barabara. Wanaume wameketi chini ya migomba, wanawake wameketi uani, wamejifunga khanga viunoni. Jeneza lilikuwa nje, bado halijafunikwa. Bodaboda wawili waliokuwa wanatoka upande wa pili walikuwa wameshashuka, wanasukuma polepole, vichwa wazi.

Nikawaza kwamba nikizima hapa haitawaka tena, nitakaa kwenye mvua hii napiga kiki mbele za watu. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Lakini wewe nitakwambia ukweli: nilikuwa nafurahi, na sikutaka ile furaha ikatike. Nilipunguza mwendo, nikainamisha kichwa kidogo, nikapita na injini yangu inaunguruma. Watu wote waligeuka kunitazama.

Hatua kama thelathini baada ya mgomba wa mwisho, shokapu za nyuma zikabonyea.

Aliyewahi kubeba abiria anajua ninachosema. Mtu akipanda, nyuma inashuka, usukani unakuwa mwepesi, na mwili wako wenyewe unajua kwamba huko peke yako. Nilidhani ni pancha. Nikasimama, injini ikiwaka, nikabonyeza matairi yote mawili. Yalikuwa magumu. Nikaendelea. Na kwenye kila kona kulikuwa na kitu nyuma yangu kinachoegemea upande usiostahili, namna wanavyofanya wazee ambao hawajazoea pikipiki. Nikilala kushoto, chenyewe kinavuta kulia. Mara mbili nusura nitoke barabarani. Nilitazama kioo cha pembeni. Barabara tupu.

Unadhani niligeuka nyuma? Sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja mpaka Matema, nikaingia kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi karibu na ufuko. Kulikuwa na wanawake wanashusha vyungu vya kwenda soko la Lyulilo, kuna kelele, kuna watu, nikapumua. Nikaagiza chai.

Akaleta vikombe viwili.

Nikamwambia niko peke yangu. Akatazama nilipoegesha pikipiki, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ni mgonjwa, maana amemsalimia hakuitika, na mbona nimemwacha ameketi kwenye manyunyu, miguu pekupeku, na koti lake zuri jeusi amelifunga vifungo mpaka shingoni. Nilitazama. Niliona siti yangu, imelowa, imebonyea katikati. Sikuona mtu. Lakini wale wanawake wa vyungu walikuwa wanapita kando ya pikipiki yangu, na kila mmoja akifika pale alikuwa anapiga goti kidogo na kusalimia.

Nilimaliza chai yangu, ilikuwa ya moto inanichoma ulimi. Kikombe cha pili hakikuguswa na mtu, lakini nilipokishika kilikuwa kimepoa kama maji ya mtungi.

Wazo moja tu ndilo lililobaki kichwani mwangu kuanzia hapo: jioni Rehema atatoka mbio na helmeti yake, na siti yake ina mtu.

Nikaondoka Matema nimeamua kuitelekeza pikipiki. Naam, kitu nilichokuwa nakipenda kuliko vyote nilivyowahi kununua. Nilifika mahali penye kokoa pande zote, hapana nyumba, nikaiegesha pembeni, nikazima, nikaanza kutembea kwa miguu bila kutazama nyuma. Nilihesabu hatua mia mbili. Kisha nikasikia mtu ananiita. Alikuwa bibi mmoja mwenye jembe begani, ametoka kwenye kokoa, amenikasirikia kabisa.

"Wewe baba, unamwacha mzee wako kwenye mvua? Hata viatu hana. Wenzako wanawazika wazazi wao wanalia, wewe unamtupa akiwa hai?"

Nilitaka kumwambia kwamba si mzee wangu, na kwamba hayuko hai. Lakini wewe ungeweza? Alisimama katikati ya barabara akinisubiri nirudi, na nilirudi. Aliniangalia nikipiga kiki. Injini iliwaka mara ya kwanza, na haikuwahi kufanya hivyo tangu selfu ife. Bibi akainamia upande wa siti, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akatupisha. Alitupisha, sisi wawili.

Mbele yangu ilibaki nyumba ya msiba. Nilijiambia hapo ndipo patakapokuwa na dawa. Nilizima injini mbali kabisa, nikashuka, nikavua helmeti, nikasukuma. Ilikuwa nzito namna ambayo pikipiki tupu haiwi. Walikuwa wameshazika, udongo mbichi wa kaburi unaonekana pembeni ya nyumba. Niliulizia wenyewe, nikapelekwa kwa mdogo wa marehemu, mzee mwembamba mwenye macho mekundu ya kulia. Nikaomba msamaha. Nikamweleza yote, la koti na la miguu pekupeku.

Kisha akanieleza kwamba kaka yake wamemzika na koti lile. Viatu vilikataa kuingia kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, wakamwekea pembeni. Alikuwa amelala kitandani miaka minne bila kuvuka ule mgomba wa barabarani, na kila pikipiki ikipita alikuwa anauliza inakwenda wapi.

"Tunazima injini ili aliyelala asijue kwamba kuna safari," alisema. "Wote hapa tulikuwa tumekaa. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unakwenda mahali."

Nikamsihi amwite ashuke. Mzee wa watu hakukataa. Alikwenda akasimama nyuma ya pikipiki, akamwita kaka yake kwa jina, mara ya kwanza kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. Alimwambia kazi imekwisha, ashuke akapumzike, mgeni ana familia yake. Watu walisimama wote. Mimi nilikuwa nimekodolea macho zile shokapu. Hazikupanda hata kidogo.

"Hataki," alisema.

"Basi niiache hapa kwenu, baba. Ichukueni, sitaidai."

"Tuna wajukuu hapa. Mwili tumeshauzika. Yeye unaye wewe."

"Nifanye nini sasa?"

"Mpeleke anakotaka."

"Wapi?"

"Hajasema."

Nilifika Kyela saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimepanga kuzima injini mbali ili Rehema asisikie, niiingize pikipiki kwa kusukuma na kumfungia mtoto ndani. Nilipofika kona ya msikitini nikazungusha ufunguo. Injini haikuzima. Nikauchomoa kabisa, nikautia mfukoni, na injini bado inaunguruma. Ungefanya nini wewe? Nilibana breki zote mbili, nikapiga kelele kumwita mke wangu, na kelele yangu ikamezwa na mlio wa injini.

Rehema alitoka mbio, helmeti kichwani. Alipofika karibu alisimama ghafla, akatazama nyuma yangu, juu kidogo ya bega langu. Akapiga goti namna tulivyomfundisha.

"Shikamoo, babu."

Alisikiliza. Kisha akanitazama mimi, hana hofu hata chembe, akasema, "Baba, babu anasema leo nikae mbele."

Hapo ndipo nilipoiachia pikipiki, ikaanguka, nikamnyakua mtoto. Injini ilizima ilipoanguka. Nililia pale pale mbele ya majirani, mtu mzima, na sioni aibu kusema.

Mwaka wa pili huu hakuna aliyeipanda. Sheikh wetu amesoma, na Ambokile alimleta mchungaji wake naye akaomba, na wote wawili walipomaliza walitazama shokapu, kisha wakaniangalia kwa huruma. Mke wangu haoni kitu, sawa na mimi. Watu wameitaka, nimekataa, maana wana watoto. Barua ya uhamisho niliyoiomba imekuja, iko mezani, na sijui nifanyeje. Nikiisafirisha nitakuwa nimempeleka. Nikiiacha, mpangaji atakayekuja ataitoa turubai. Narudi masjala kila siku kwa miguu, naketi kati ya kiti na kabati, na sitamani tena kwenda popote.

Kwa hiyo wewe mwenye pikipiki, ukipita huku kwetu ukakuta watu wameketi chini ya migomba, zima. Shuka, vua helmeti, sukuma. Hata kama mvua inakunyeshea, hata kama injini haitawaka tena mpaka kesho. Usipite ukiwa na furaha zako mbele ya mtu ambaye safari zake zimekwisha.

Rehema humsalimia kila asubuhi akienda shule, tumeshindwa kumkataza. Na mimi kila jioni, Mungu anisamehe, namuuliza kama babu amesema anataka kwenda wapi. Siku zote jibu lake limekuwa moja, kwamba bado hajasema. Jana hakunijibu hivyo. Jana aliniuliza ufunguo nimeuficha wapi.