Mtoto Aliyekatazwa Kusema Sebe

Wengine huenda kwa Dada Dufie kununua viazi vikuu vya kukaanga, wengine huenda kutukanwa. Hawa wa pili utawajua kwa namna wanavyosimama. Hawaangalii karai. Wanamwangalia yeye mdomo.

"Dada Dufie, nitukane kidogo basi. Mke wangu hajawahi kukusikia."

"Pilipili nitie?"

"Tia. Na tusi juu yake."

Anageuza mikia ya bata mzinga kwenye mafuta, anamtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka utosini, halafu anamwambia kitu kifupi, labda juu ya shingo yake, kwamba inaonekana aliiazima kwa mtu mnene akasahau kuirudisha. Mume na mke wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wanaondoka na viazi vyao. Yeye hacheki. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu, na penye karai lile sijamwona akicheka.

Hapa Kumasi mtu mzima yeyote anamkumbuka. Alikuwa na miaka saba wakati mwongozaji wa filamu, Bwana Otuo, alipokwenda kula wali na maharage kwenye banda la mama yake. Fundi baiskeli mmoja alikuwa anaomba aongezewe mchuzi. Katoto kakamjibu kutoka nyuma ya sufuria: "Mchuzi gani tena, na tumbo lako limeshatangulia kufika nyumbani, wewe bado uko hapa?"

Mama akainua mwiko ampige. Bwana Otuo akaudaka ule mwiko.

"Mama," akasema, "usiharibu mali."

Filamu za kwetu hazina maneno yaliyoandikwa. Mwongozaji anakwambia wewe ni mke, wewe ni mchungaji, huyu amekuibia shamba, haya, kamera inakwenda. Kila mtu anasema linalomjia. Dufie yalimjia. Katika kila filamu kazi yake ilikuwa ileile: mtoto aliyevalishwa kama bibi kizee, kitambaa kimefungwa chini ya makwapa, fimbo mkononi, anaingia katikati ya ugomvi wa wakubwa na kuwatukana mmoja baada ya mwingine. Sasa, kwetu hata mzee mwenye mvi, akitaka kutaja jambo chafu au kilema cha mwenzake, anatanguliza sebe, yaani niwieni radhi, ndipo aseme. Mtoto ndiyo kabisa. Bwana Otuo alimkataza.

"Ukisema sebe, nakata. Utamu wako uko hapo."

Siku ya kwanza alijisahau akalisema. Mwongozaji akamfinya sikio mpaka akalia, na kile kilio nacho kikapigwa picha, kikaja kutumika kwenye filamu nyingine, ya mtoto aliyenyang'anywa shamba la baba yake.

Gari la vipaza sauti lilipozunguka mjini kutangaza filamu mpya, yeye ndiye aliyesimamishwa juu yake. Wakubwa walimzuia njiani wakimwomba awatukane. Mchungaji mmoja alimwita kanisani amtukane shetani, akamtukana mpaka waumini wakaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunamenya viazi, "Mama Pokuaa, mimi nilijua kutukana kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni." Akaendelea kumenya.

Huko kijijini kwao, njia ya kwenda Mampong, mama yake alikuwa na kaka mkubwa, Mzee Boadi. Alisafiri mpaka mjini amevaa kitambaa kipya kumwomba Bwana Otuo amtie kwenye filamu. Hata kupita nyuma tu, alisema, kijiji kimwone. Akakalishwa kwenye kiti kama mzee aliyekuja kuposa. Kamera ikaanza, Bwana Otuo akasema, "Dufie, huyu mpe."

Dufie alikuwa na miaka tisa. Alimzunguka mjomba wake mara moja, akakiangalia kichwa chake, ambacho kweli kina bonde katikati.

"Kichwa gani hiki? Kama kinu kilichosahauliwa nje msimu mzima wa mvua. Hata kuku mwenye kiu angekipita."

Siku hiyo aliyecheka kuliko wote ni Mzee Boadi mwenyewe. Tena filamu ilipotoka alinunua nakala kadhaa, akazigawa kijijini kwa mkono wake.

Mwezi haukuisha, watoto wakaanza kumwita Kinu. Baadaye hata mama zao, hata wauza mafuta ya taa. Miaka ikapita, kigoda cha uchifu mdogo wa pale kijijini kikabaki wazi, jina lake likatajwa. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Tutamkalisha Kinu juu ya kigoda?" Baraza lote likavunjika kwa kicheko. Akachaguliwa mwingine. Tangu siku hiyo Mzee Boadi hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake. Wakubwa wake walipokufa, yeye ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa ukoo.

Dufie akakua. Mama yake alimfunga kifua kwa vitambaa, akamnyima nyama, lakini mwili hauombi ruhusa. Alipofika miaka kumi na minne Bwana Otuo alimjaribu mara ya mwisho. Matusi yalikuwa yaleyale, fimbo ileile. Wanawake wa sokoni wakatazama, wakaguna. "Huyu msichana hana mama?" Filamu ikabaki kwenye maboksi. Bwana Otuo akaleta mtoto mwingine, akamwomba Dufie amfundishe. Akamfundisha.

Akaolewa na mwanamume aliyekuwa akileta rafiki zake nyumbani waje wamsikie. Wakigombana, mume anacheka na kupiga makofi. Siku moja Dufie akamwambia jambo la kweli kuhusu mama mkwe, kwa mdomo uleule, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Baada ya miaka sita ya ndoa akarudishwa kwao bila mtoto.

Mwaka jana mama yake akafa. Kwetu maiti si ya mtoto, ni ya ukoo. Mtoto analia, ukoo unazika. Mkuu wa ukoo asipotaja siku, hakuna wa kuitaja. Mzee Boadi hakukataa kumzika dada yake. Alinyamaza tu. Mama akakaa kwenye friji la hospitali, mvua za kwanza zikaja zikaisha, mpaka wahudumu wakatangaza kwamba maiti zisizochukuliwa zitafukiwa pamoja kwenye shimo moja nje ya mji.

Dufie akachukua chupa ya pombe kali ya kuombea, tukaenda. Alinichukua kwa sababu mtu haendi kuomba peke yake. Pokuaa wangu alikuwa mgongoni, amelala.

Wazee walikaa uani kwa Mzee Boadi, msemaji wake kasimama na bakora. Huko huzungumzi na mkuu uso kwa uso, unapitishia kwa msemaji. Dufie akapiga magoti.

"Wazee wangu, sebe, nimekuja..."

Mtu akacheka. "Mmesikia? Leo amesema sebe."

"Labda kamera imeharibika," mwingine akasema.

Dufie akajaribu kuendelea, akashindwa, akalia. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akamgusa mwenzake kwa kiwiko. "Mtazame. Ndivyo alivyolia kwenye ile ya shamba. Hajapoteza hata kidogo." Wakamwangalia kwa mapenzi kabisa, kama mtu anavyoangalia ngoma anayoijua.

Mzee Boadi peke yake hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Msemaji, mwambie dada yangu ni wangu, nitamzika. Lakini huyu alinivua jina mbele za watu. Na yeye ajivue. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji, ajitukane kama alivyonitukana mimi. Bila sebe. Na mwenye simu apige picha."

"Mjomba," Dufie akasema moja kwa moja, "nilikuwa mtoto. Na wewe ndiye uliyeomba kuingia."

"Msemaji, mwambie kinu hakina masikio."

Dufie akatazama chini. Nilidhani atainuka tuondoke. Alipofungua mdomo aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka niseme basi."

Jumamosi ya mazishi watu walijaa, nguo nyeusi na nyekundu tupu, maturubai mpaka barabarani. Wengine hawakuwa hata wa ukoo ule. Walisikia kwamba Dufie atatukana, wakapanda magari. Jeneza lilikuwa juu ya meza, na mama yake ndani yake amevishwa vizuri. Msemaji akaita. Dufie akakishusha kitambaa chake cheusi akakifunga chini ya makwapa, kama zamani. Mtu akampa fimbo. Watu wakapiga makofi kabla hajasema neno.

Akaanza na miguu. Alisema miguu ile inajua njia zote za Kumasi ila ya kwenda mbele. Akapanda kwenye kifua, kwamba kilifungwa kisitoke, kikatoka kwa hasira, kikakuta hakuna anayekingoja. Akaja kwenye mdomo. "Huu ulikula utoto wote kwa siku moja, sasa unauza viazi." Kila neno lilikaa mahali pake. Mpiga ngoma alikuwa ameinamia ngoma yake, mabega yanatikisika. Simu zimeinuliwa kama mikono ya watu wanaosali. Sitadanganya, alikuwa hodari. Hata mimi kilinitoka kicheko na machozi pamoja.

Akamtazama mjomba wake. Mjomba kimya.

Akasema juu ya mume aliyemrudisha, kwamba hata duka hurudishiwa kitu kilichoharibika, lakini yeye alirudishwa akiwa mzima, ndiyo aibu yake. Watu wakapiga mapaja. Akamtazama tena mjomba. Kimya. Nikaelewa mzee anangoja nini, na nikaona kwamba yeye Dufie alielewa kabla yangu. Alikuwa amepita kutoka miguuni hadi kichwani na sehemu moja aliiruka.

Akaweka mkono tumboni.

"Na hili? Ukoo ulinizaa nije niuongeze. Nimeuletea nini?" Akanyamaza. Uwanja wote ukanyamaza naye. "Ni kinu hiki, wazee. Kimetwangwa miaka sita, hakijatoa hata tonge."

Waliangua kicheko mpaka turubai moja likalegea kamba. Mzee Boadi naye alicheka, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha msiba.

"Basi," akasema.

Mama akazikwa kwenye makaburi ya ukoo, upande wa bibi yake, pahali pazuri. Jioni hiyohiyo nilimsikia kijana mmoja akimsalimu Mzee Boadi kwa jina lake halisi.

Picha za siku ile zikaingia kwenye simu. Sasa wateja hawataki tena la shingo wala la viatu. "Tupe lile la kinu," wanasema, na wengine wanampigia hivyo kelele kutoka ng'ambo ya barabara, Kinu, Kinu, leo mikia ipo? Anawajibu ipo.

Juzi tulikuwa bombani, wanawake wa nyumba nzima na ndoo zetu. Pokuaa wangu ana miaka mitatu. Amejifunga kitambaa changu chini ya makwapa, ameokota kijiti, akasimama mbele ya Dufie, mkono tumboni.

"Ni kinu hiki wazee kimetwangwa..."

Nikaruka nimzibe mdomo. Dufie akatua ndoo yake.

"Mwache."

Akachuchumaa, akamrekebishia kitambaa.

"Pokuaa, umekimbilia. Sema 'ni kinu hiki, wazee,' halafu nyamaza. Waache wakutazame kwanza. Ndipo umalize."

Pokuaa akarudia. Akanyamaza pale alipoambiwa, macho yake yanatuzunguka, akamaliza. Wanawake wote bombani wakaangua kicheko.

Dufie akakubali kwa kichwa. Akajitwisha ndoo yake, na aliponipita akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu usimpeleke popote."