Jezi ya Kijani Iliyobaki Matete

Mama mmoja aliingia kwenye duka langu la fremu mjini Kakamega akiwa na picha ndogo ndani ya bahasha ya hospitali. Alitaka ikuzwe na kuwekwa kioo, apate kumfurahisha mumewe ambaye miguu ilikuwa imemlaza nyumbani. Nilipoitoa ile picha nilisahau hata kumjibu. Kijana mrefu amesimama mbele ya goli, mpira kwapani, jezi yake ina mstari mpana kifuani. Picha haikuwa na rangi, lakini nilijua jezi ile ni ya kijani na mstari ule ni mweupe. Nilikuwepo. Baba alikuwa amenibeba mabegani nione fainali ya kombe la mkoa, na kipa huyu akaipangua penalti ya mwisho upande wetu kabisa wa uwanja. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Huyu ni mume wako?" nikamuuliza.

"Ndiye huyo. Siku hizi hata kufika mlangoni ni kazi."

"Na hii jezi, mama, ilienda wapi?"

"Iko kwetu Matete. Inalalanga tu kwa sanduku. Watoto hawana haja nayo."

Nilijifanya napima picha kwa rula ili asione hamu yangu. Watu wengi hawajui kuwa nyuma ya duka langu, sebuleni kwangu, kuna ukuta mzima wa vitu vya mpira wa zamani: tiketi za uwanjani, viatu vya njumu za ngozi, bendera ya mshika kibendera, jezi nne. Ndugu zangu huniuliza kama nina akili timamu. Lakini jezi ya siku ile sikuwa nayo, na sikuwahi kufikiria kwamba bado ipo duniani, tena Matete, mwendo mfupi tu kutoka nilipo.

Jumamosi nikaenda. Mzee alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu mmoja juu ya kigoda, blanketi mapajani. Akaniita mukhana, yaani binti, ingawa mimi mwenyewe nina wajukuu. Nilimweleza kwamba niliiona ile penalti nikiwa mabegani mwa baba.

"Ulikuwa upande gani?"

"Upande wa miti ya mikaratusi."

"Basi uliniona mgongo kwanza, halafu uso," akasema, na hapo ndipo alipomwita mkewe alete sanduku.

Ilitoka chini kabisa, imefungwa ndani ya shuka. Kijani kilikuwa kimefifia kidogo mabegani. Namba moja mgongoni ilishonwa kwa mkono, kwa uzi mnene. Niliishika na nikasikia harufu ya dawa ya nondo. Kisha nikaiona kola. Ilikuwa kola ya kukunja, yenye vifungo viwili. Kwenye picha niliyoikuza dukani shingo ilikuwa ya duara, haina kola.

Hapo nikaingiwa na shaka. Nilishawahi kuuziwa jezi ya uongo na mtu mwenye machozi na hadithi ndefu, na tangu siku ile nilijiwekea sharti la kutolipa kabla ya kuhakikisha. Mzee alikuwa ametaja bei, na haikuwa bei ya kunisumbua. Nilikuwa nayo mkobani.

"Chukua," akasema. "Wewe utaitunza. Hawa wangu wakiiona wataifanya kitambaa cha kupangusia baiskeli."

Nikaigeuza tena. Nikaangalia pindo, nikaangalia kwapa. Mkewe alikuwa ameacha kumimina chai, birika liko hewani.

"Mzee," nikasema, "hii ndiyo ile ile ya fainali?"

Alinyoosha mkono, akaichukua jezi kutoka mapajani mwangu, akaanza kuikunja pole pole, mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia.

"Umekuja kununua, ama umekuja kuniuliza kama mimi ni muongo?"

"Sikusema hivyo, mzee. Ni kola tu. Kwa picha naona tofauti."

"Nenda uangalie picha yako, basi."

"Nitarudi Jumapili ijayo na jibu."

"Rudi," akasema, na akamrudishia mkewe shuka. Nilikunywa ile chai nikiwa siisikii ladha yake.

Niliporudi dukani nikaiweka picha kwenye skana na kuikuza mpaka uso wa kijana ukawa vidoa vitupu. Sikuona kitu. Halafu wakaja wanafunzi wa chuo cha Bukura na vyeti vyao vya mahafali, wote wanataka fremu, na siku mbili zikapita nikiwa nakata mbao tu. Jumatano nikairudia ile picha, nikaongeza mwanga sehemu ya shingo peke yake. Pale, upande wa kulia, pakatokea pindo la kitambaa lililoingizwa ndani, na chini yake duara dogo linalong'aa. Kifungo. Alikuwa ameikunja kola ndani ya jezi.

Nikampigia mkewe saa ile ile. Simu iliita ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea akinong'ona.

"Tuko hospitali. Mzee alishikwa na kifua jana usiku."

Nilifunga duka nikaenda. Wodi ilijaa watu waliokuja kuona wagonjwa wao, na mimi nikasimama miguuni pa kitanda chake na pakiti ya maziwa mkononi, nikijiuliza ni mtu wa namna gani anayeingia wodini huku akiwaza jezi. Niliapa sitaitaja. Mzee alifungua macho, akanijua.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia, mzee. Uliikunja."

"Ilikuwa inanikwaruza shingo." Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Nikitoka hapa, kuja."

Ningeweza kutoa pesa pale pale na kumpa mkewe. Niliwaza hivyo. Hata mkono uliingia mkobani. Lakini muuguzi akaja kubadilisha chupa ya maji, mke akainuka kumpisha, na mimi nikaona aibu ya kufanya biashara juu ya kitanda cha mgonjwa. Nikaaga. Ijumaa asubuhi mkewe akanipigia, na kabla hajasema neno nilijua.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu hukutana tena kunyoa nywele, kumaliza maneno yaliyobaki na kugawa nguo za marehemu. Mjane aliniambia nije siku hiyo na picha yake. Nilifika nimeibeba, imefungwa kwa gazeti, na pesa za jezi ziko mkobani. Nilitaka kumvuta pembeni kabla mambo hayajaanza, lakini alikuwa ameketi katikati ya wanawake wa ukoo, na hakuna aliyekuwa akimfikia. Akaipokea picha, akaiegemeza kwenye ukuta nyuma yake, akanionyesha kwa macho nikae.

Wakatoa nguo. Mzee wa ukoo, kaka wa marehemu, alikuwa akinyanyua moja moja mbele ya watu na kutaja anayepewa. Koti la harusi lilikwenda kwa mdogo wake. Kofia ikaenda kwa jirani aliyemchimbia kaburi. Suruali, sweta, viatu vya mvua. Kila mara mkono ulipoingia sandukuni nilinyoosha shingo. Shati. Shati lingine. Halafu ile shuka.

Mzee wa ukoo aliifungua, akaitikisa jezi hewani, na vumbi la dawa ya nondo likaonekana juani. Baadhi ya watu wakacheka kidogo kwa mapenzi, wakimkumbuka.

"Hii ni ya mtoto wa dada yake," akasema.

Nilijikuta nimesimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

"Samahani, wazee. Marehemu alisema ataniuzia hiyo."

Watu wakageuka. Mzee wa ukoo akaishusha jezi mpaka kiunoni.

"Ulilipa?"

"Bado."

"Mlikubaliana?"

Nikamtazama mjane. Alikuwa ameinamisha kichwa chake kilichonyolewa, anaangalia mikono yake.

"Nilimwambia nitarudi," nikasema.

"Basi alienda kabla hujarudi, mama. Kaa."

Nikakaa. Mwanamume wa makamo, mpana wa mabega, mkata miwa, akatoka mbele, akaipokea kwa mikono miwili na kuivaa pale pale juu ya shati lake. Ilimbana. Alipoinua mikono kuiteremsha mgongoni nilisikia uzi wa kwapani ukikatika, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeusikia.

Walipoanza kugawa chakula, nikamfuata alipokuwa ananawa mikono apate obusuma, ugali wetu.

"Baba, naomba tuongee. Nitakupa zaidi ya ile bei aliyosema mjomba wako."

Akanitazama bila hasira. "Nguo niliyogawiwa kwa mjomba, niiuze kabla sijala chakula cha hapa? Watu wataniona vipi?"

"Sio leo. Hata mwaka ujao."

"Mjomba ndiye alinifundisha kudaka, mama. Alikuwa ananirushia machungwa." Akajikung'uta maji. "Hata mwaka ujao, hapana."

Mjane alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniunga mkono, na akajibu kabla sijauliza. "Ningefungua mdomo, wangesema nauza vitu vya mume wangu kaburi halijakauka. Na wewe ulikuwa naye sebuleni, ukaanza kuangalia pindo."

Nikapanda matatu nikarudi Kakamega.

Mwezi uliofuata mtu aliniletea filimbi ya refa, ya zamani kwa maneno yake. Nililipa bila swali hata moja, nikiogopa kuchelewa tena. Nilipoiosha, rangi ya shaba ikabaki kwenye sifongo, chini ni plastiki mpya kabisa. Iko kwenye droo. Sijaitundika.

Na jezi naiona. Yule mpwa anadaka kwenye timu ya wazee wa kijiji chao, na Jumapili nyingine huwa nakwenda. Nasimama nyuma ya goli, nahesabika kama mshabiki. Ameikata mikono ili apate nafasi ya mabega. Kijani kimekuwa rangi ya majani makavu, na namba mgongoni imeanza kuachia juu. Kila anaporuka nakaza vidole. Watu hudhani naogopa goli.

Juzi, wakati wa mapumziko, alinijia akitiririka jasho, matope mpaka magotini.

"Umekuja kuiangalia tena?"

"Nimekuja kuangalia mpira."

"Muongo," akasema, na tukacheka wote wawili, yeye zaidi yangu.

"Angalau nipe niishone hapo mgongoni," nikamwambia. "Nitakurudishia Jumapili."

Akafikiri. Akaipapasa ile namba kwa nyuma, kidole kikapita chini ya uzi uliolegea. Refa akapiga filimbi kuwaita.

"Nitaangalia," akasema, akakimbia kwenye goli lake. Mvua ikaanza kipindi cha pili kikiwa bado kichanga. Dakika chache baadaye mpira wa juu ukaja, akaudaka kifuani na kuanguka nao kwenye tope, ubavu mzima wa jezi ukazama. Nikageuka, nikafungua mwavuli, nikaondoka kabla mchezo haujaisha.