Bi Mwanne Hatoki

Bi Mwanne wa Tangini ni mzaliwa wa Maneromango, Kisarawe, na usichana wake aliumalizia barabarani, nyuma ya mdundiko. Ngoma ikipita, mwenzenu anaacha chungu jikoni, anafuata. Safari moja walicheza kijiji hadi kijiji mpaka kivuli chake kikachoka, kikakaa chini. Akakipitia wakati wa kurudi. Anayebisha akakiulize.

Uzeeni akapata vidonda kwenye utumbo mpana. Dawa zikamtuliza, na ili asihangaike na kliniki kila mara, nesi Jenifa humpigia simu kila Jumatatu. Kwa majibu yake ndipo daktari anajua dawa aongeze au abadili.

Sasa Jenifa kalelewa. Neno choo halimtoki mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Wiki hii unatoka mara ngapi?"

Bi Mwanne akautazama mlango kwa uchungu. "Wee, enzi zangu nilikuwa natoka mpaka wanakuja kunitafuta. Siku hizi sitoki kabisa."

"Wiki nzima? Na hujaona damu?"

"Nione ya nani, nami nimekaa ndani?"

Jumatatu iliyofuata Jenifa akapiga tena. "Bibi, daktari anasema kama hutoki, tukupe dawa ya kulainisha."

"Kulainisha nini, magoti?"

"Tumbo, bibi. Upate kutoka."

"Mwanangu, tumbo ndilo limenifungia humu. Tangu alfajiri sibanduki chooni, na damu inashuka. Nitatokaje?"

Jenifa akaweka kalamu chini.

"Bibi, kutoka ulielewa nini?"

"Kwenda ngomani. Kwani wewe ulikuwa unauliza nini?"

Jenifa akalitamka neno lenyewe. Bi Mwanne akacheka huku kalishika tumbo. Dawa ya kulainisha ikafutwa, na mjukuu wake Hamisa akampeleka hospitali siku hiyohiyo, wakambadilishia dawa.

Sasa katulia. Jenifa anauliza choo waziwazi, anajibiwa, halafu anauliza na ya mdundiko. Bi Mwanne anamtajia waliocheza naye: Mwinyijuma mpiga ngoma, marehemu, Nuria wa vigelegele, marehemu, Latifu, aliyekuwa akimbebea viatu, naye marehemu. Wagonjwa wengine wanangoja kupigiwa, lakini Jenifa hakati simu.

"Na huyo Latifu, bibi, viatu alikubebea vya nini?"

"Mwanangu," anasema Bi Mwanne, anajiweka sawa mkekani, "sogea nikwambie."