Mrija wa Baba Mdogo Ndani ya Pipa Langu

Mnisamehe kwa mwandiko unaopanda na kushuka, na kwa herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa taratibu. Lakini hili nisipoliandika litanikaba, maana kulisema mbele za watu siwezi.

Mama yangu hupika pombe ya ndizi hapa Busunzu, na ndiyo inayotulisha. Siku hizi vijana wanaikimbia, wanataka bia ya chupa yenye povu. Mama mmoja mwenye gesti Kibondo mjini alituambia, "Ikiwa na gesi nitaichukua kila wiki. Jumamosi nakuja kuonja."

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea Kasulu. Alinitafutia pipa dogo la chuma, yale ya bia ya baa, akalitia koki na mfuniko wa kukaza. Akanieleza: chuja pombe vizuri, tia sukari kidogo, funga kabisa, usifungue. Sukari itachachuka humo ndani, na gesi ikikosa pa kutokea itaingia kwenye pombe. Hatukuwahi kufanya hivyo. Yetu hufunikwa mtungini kwa majani ya mgomba tu, ipate kupumua.

Ijumaa nilifungua koki kidogo. Ikatoka na povu jeupe, ikanichoma ulimi. Mama alionja, akacheka, akaomba tena.

Jumamosi asubuhi, tukiwa kisimani, baba mdogo akaja nyumbani na mrija wake. Kwetu pombe haiendi kwa mgeni kabla mkubwa wa ukoo hajaionja, na mkubwa huyo, ambaye sasa ni yeye, hanywi ila kwa mrija. Niliporudi nilimkuta amelikumbatia pipa, anazungusha mfuniko.

"Baba mdogo, acha! Tumia koki!"

"Yewe binti, ninyonye bomba kama ndama?"

Mfuniko uliruka ukagonga bati. Povu likamwosha uso na shati, likatambaa hadi mlangoni. Wazee wenzake waliokuwa uani wakapiga makofi. "Mzee kabatizwa mara ya pili!" Naye, bila haya, akatumbukiza mrija, akanyonya. "Tamu. Ila mlikuwa mnainyonga."

Nilikaza mfuniko upya, lakini gesi ilishakwenda zake. Mama mwenye gesti alipofika alionja, akaweka glasi chini. "Hii ni ileile ya mtungini, dada." Mama yangu akainama. Baba mdogo alikuwa palepale, mrija mkononi, kama si yeye. Nami, kwa haya zangu, niliuma shavu mpaka likatoka damu.

Mama ameomba Jumamosi nyingine, tukapewa kwa shingo upande. Pipa limejaa tena. Safari hii kaka amechomelea pa kutia kufuli, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Mama analia kwamba kumfungia mkubwa pombe ni kumtukana. Baba mdogo ameapa hatakanyaga kwetu. Asikanyage! Ametunywea riziki yetu kwa mrija, halafu anayeambiwa hana adabu ni mimi.

Ufunguo sivui. Lakini ninyi mnaopika pombe nyumbani, mlio na wazee kama wangu, niandikieni: ningefanya nini kingine? Niandikieni hata kama mnaniona mtoto mbaya.