Dawa Mara Mbili kwa Miembe ya Mama

Walimwita Mama Maua, na jina hilo alilitolea jasho. Mwembe ukigoma kuzaa, ukabaki kurefusha matawi kama hauna habari, aliitwa yeye. Alichimba mfereji mwembamba kuzunguka shina, akamimina dawa ya kuzuia machipukizi, na mti uliokatazwa kurefuka ukageuzia nguvu zake kwenye maua. Naye alimwonya kila mteja vilevile: "Hii dawa inakaa udongoni. Ukishaitia, mwaka wa pili pumzisha mti. Usijitie ujuaji."

Balaa ni kwamba miembe ya nyuma ya nyumba yake haikuwa ya mteja. Waliachiwa na mama yao, yeye na kaka yake, na kaka alitaka kuifyeka ajenge vyumba vya kupangisha. Wakapatana: msimu huu ikizaa, itabaki; isipozaa, itakatwa. Msimu uliopita Mama Maua alikuwa ameitia dawa, ikazaa kiduchu. Sasa ilikuwa zamu ya kuipumzisha, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Lakini hofu ilimpanda kichwani. Akaitia tena, na safari hii mkono ukazidi.

Majani yakatoka madogo, yamekunjamana. Maua yakabanana kama ngumi, yakaoza, yakapukutika. Kila asubuhi aliyafagia haraka haraka kaka asije akayaona. Inauma kumwona mtu mzima anaficha maua.

Msimu ukapita bila embe, kaka akaja na fundi wa msumeno. Si mtu mbaya kaka yule, wanamsingizia tu. Aliizunguka miti, akashika jani.

"Dada, mimi nami nina moyo. Mama aliipenda hii miti. Niambie tu mwakani itazaa, huyu fundi nimrudishe."

Neno moja tu lilitakiwa. Wateja wangapi amewaambia "itazaa" bila kuwa na hakika? Mama Maua alitikisa kichwa.

"Mwakani haitazaa, kaka. Nimeitia dawa mara mbili mfululizo. Na mwaka utakaofuata pia siwezi kukuapia."

"Wewe? Wewe unayewafundisha wenzako?"

"Mimi."

Kaka alijifuta uso kwa kiganja, akamwashiria fundi aanze. Mwembe wa kwanza ulikuwa umeinamia nyumba, ikabidi uvutwe upande wa pili kwa kamba, na fundi alikuja bila msaidizi. Kaka akashika kamba mbele. Mama Maua akashika nyuma yake, akavuta.